Si kila anayepasuliwa moyo huongezewa damu

Je, kila anayepasuliwa moyo ni lazima aongezewe damu? Hapana, si lazima. Wapo wanaofanyiwa upasuaji wa moyo wakatoka hospitalini bila kuongezewa hata uniti moja (mfuko mmoja wa damu). Kinachoamua ni kiwango cha hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) na hali ya mgonjwa mwenyewe.

Utafiti wa TRICS III, uliochapishwa 2017, ulihusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 katika nchi 19. Kundi moja liliongezewa damu pale tu hemoglobini iliposhuka chini ya gramu 7.5 kwa desilita. Jingine liliongezewa mapema, ikiwa chini ya 9.5 (au 8.5 wakishahamia wodi ya kawaida). Vifo, kiharusi, mshtuko wa moyo na figo kufeli havikuongezeka kwa waliosubirishwa, na kati yao takriban 52% tu ndio waliopewa damu, dhidi ya 73% upande wa pili. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa mno, maana kila uniti imetoka mkononi mwa mtu.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: hemoglobini hushuka pia kwa sababu maji yanayojazwa kwenye mashine ya moyo na mapafu (inayofanya kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji) huizimua damu, hata kama mgonjwa hajavuja sana.

Ila 7.5 si sheria ya kila mtu. Anayevuja damu kwa kasi hasubiri majibu ya maabara, kwa hiyo tafadhali usimkatalie mgonjwa wako damu kwa sababu ya namba hiyo. Muulize daktari wake anaamua kwa kigezo gani.