Ukikuta maneno yao kwenye simu ya kijana wako

Mara ya kwanza kuliona jarida la Al-Shabaab ilikuwa kwenye simu ya mpwa wangu, nyumbani Kisauni, Mombasa. Nilimpokonya simu, nikalifuta, nikamfokea. Nilikosea sana. Wiki mbili nzima alinikwepa, nami nikawa sijui tena anasoma nini.

Alipotumiwa jingine, nilimwomba tulisome pamoja. Tukakaa barazani baada ya alasiri. Kilichonitisha hasa hakikuwa bunduki wala bendera nyeusi, bali Kiswahili chenyewe: chepesi, cha kijiweni, kina Sheng ndani yake. Tangu 2012 wanaandika hivyo wakitulenga sisi. Na wanaanza na kidonda tunachokijua: mashamba ya Pwani, vijana wanaokamatwa ovyo. "Lakini mjomba, haya si kweli?" akaniuliza. Ni kweli, nikamjibu. Ningekataa, angeniona mwongo, na wao ndio wasema kweli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: likubali la kweli, kisha muulize mwanao maandishi haya yameandikiwa nani. Desemba 2011, miezi miwili baada ya jeshi la Kenya kuingia Somalia, walifungua akaunti ya Twitter kwa Kiingereza fasaha. Ile ilikuwa ya kuwavuta waandishi wa habari wa dunia. Septemba 2013 wakaitumia Twitter kujigamba huku watu wakiwa bado wamenaswa ndani ya Westgate, jumba la maduka la Nairobi, walikouawa watu 67. Kila hadhira na lugha yake, na sura yake.

Halafu mtafute asiyekuwepo pichani. Hapa ndipo mpwa wangu alipoanza kunyamaza. Wanajiita watetezi wa Waislamu, lakini Oktoba 14, 2017 lori la mabomu liliua watu zaidi ya 500 Mogadishu, mji wa Waislamu: wachuuzi, wanafunzi, abiria ndani ya mabasi. Serikali ya Somalia ililitaja kundi hilo kuwa ndilo lililohusika. Wenyewe, waliozoea kujitangazia mashambulio, hawakukiri kuhusika. Nilimwambia aniletee ukurasa wao wowote unaowalilia wale marehemu.

Usilisambaze jarida hata kwa nia ya kuonya wenzako. Utakuwa umewafanyia kazi yao, na sheria inaweza kukushika.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Ukurasa wa wazi ni chambo tu. Kijana akishapenda au kuuliza swali, huitwa faragha, Telegram au WhatsApp, na huko mtu mmoja humsikiliza kwa upole kuliko sisi nyumbani. Humwuliza kama ana kazi. Mpwa wangu alitumiwa salamu za namna hiyo na namba asiyoijua, akaahidiwa kibarua cha mshahara mnono ng'ambo ya mpaka. Alikuja nao ujumbe ule usiku, nikiwa nimeshalala, akagonga dirisha. Alikuwa hajaujibu.