Mhakiki Anajibu: Ngumi, Kicheko na Mdomo wa VJ

SWALI: Mzee, uliandika kwamba filamu ya Marekani ya mamilioni ya dola ilikutia usingizi, kisha ukaisifu Who Killed Captain Alex? ya hapa Kampala. Ulikuwa unatania? (Msomaji, Tororo)

JIBU: Sitanii, ndugu yangu. Ile ya Wamarekani nililala kweli, mwanangu ndiye aliyeniamsha. Ngumi moja imekatwa vipande vitatu, kamera inatetemeka kama ina homa, na sijui nani kampiga nani. Pale Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, mwaka 2010, mwongozaji Nabwana alitengeneza yake kwa pesa ambazo mwenyewe anasema hazikufika dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu. Lakini teke likirushwa unaliona linatoka, linafika, na mtu anakwenda chini. Helikopta ya kompyuta inachekesha, na wenyewe wanajua inachekesha. Kasoro zipo. Ukiniuliza nani alimuua huyo Captain Alex, nimeitazama mara nne na bado sijui.

Halafu kuna VJ Emmie (VJ ni "video joker", msimulizi wa filamu), anayepiga domo juu ya filamu mwanzo hadi mwisho. Wageni hudhani hilo limebuniwa kwa ajili yao. Sisi tumelelewa nalo kwenye vibanda vya video: filamu ya Kiingereza, VJ anaigeuza Kiganda, na pale asipoelewa anatunga. Wa mtaani kwetu alikuwa na maikrofoni iliyofungwa mpira wa baiskeli. Jambazi akiinua bunduki, yeye ananyamaza. Kibanda kizima kimya. Kisha, polepole: "Huyu kafuata kodi ya nyumba." Hapo hata mlio wa risasi hausikiki kwa kelele za watu.

SWALI: Niitazame na VJ au bila VJ? (Jinja)

JIBU: Na VJ.

SWALI: Wachekeshaji wa jukwaani hawanichekeshi tena. Nimezeeka, au wao wameishiwa? (Arua)

JIBU: Shikamoo kwanza, kama umri umefika huko. Wengi wameishiwa. Kijana anapanda jukwaani, anaiga lafudhi ya Mnyankole, anaiga ya Mganda, akikwama anaiga yenu ya West Nile, tumemaliza. Lafudhi ni chumvi, wao wanaipakua kama ugali. Mchekeshaji Salvado ni mtu wa huko kwenu. Yeye akitania kuhusu kwao unaona anapajua, haazimi lafudhi.

Juzi nilikaa nyuma ya ukumbi mmoja mjini, dakika ishirini bila kutabasamu. Akaja kijana nisiyemjua, akasahau alichotaka kusema. Akanywa maji. Akaitazama chupa muda mrefu, sisi tunamwonea huruma, akasema, "Hata hii nimekopa." Mama aliyekuwa mbele yangu aliangusha mkoba. Mimi nilikuwa nimeshafunga daftari, kwa hiyo jina la kijana sina.