Kitabu Kwanza, Mgeni Rasmi Baadaye

Vitabu vya mwandishi wa kwanza niliyemwalika dukani kwangu vilifika stendi ya Kange, hapa Tanga, saa mbili usiku, wakati wasikilizaji wamekwisha kutawanyika na mwandishi mwenyewe yuko gesti anakula samaki. Kosa lilikuwa langu, kwa maana nilimlipa mchapishaji Alhamisi kwa shughuli ya Jumamosi, na mzigo ukapakiwa katika basi la mwisho. Lakini hata vingefika asubuhi, sidhani kama vingenunuliwa vingi, kwa sababu siku hiyo hakikusomwa kitu. Nilikuwa nimealika mgeni rasmi. Alichelewa kwa saa moja na nusu, nasi tukamngoja kwa kuwa ratiba niliyoichapa mwenyewe ilisema ndiye atakayefungua. Akahutubia dakika 40 juu ya maendeleo ya mkoa, akapigwa picha akiwa ameshika nakala moja tuliyoiazima kwa mwandishi, kisha akaaga. Mwandishi alibakiwa na robo saa kabla ya adhana ya Magharibi, na robo saa yote hiyo aliitumia kuwashukuru waliokuja.

Tangu siku hiyo nimeandaa mikutano mingine kadhaa ya waandishi katika duka hili dogo la Ngamiani, na vijana wawili watatu wanaotaka kufungua maduka ya vitabu wamenijia kuniuliza mimi nafanyaje na wao wafanyeje. Nayaandika haya kwa ajili yao. Sina mtaji mkubwa wa kujivunia, na sitaficha kwamba kinacholipa pango la duka langu ni madaftari, kalamu na vitabu vya kiada vya Januari. Riwaya, mashairi na hadithi ni asilimia ndogo ya mauzo, ila ndizo zilizonifanya nifungue duka badala ya kuuza sementi kama ndugu zangu.

Tanga ina jambo lake la kuchekesha kidogo. Huu ni mji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962, na hakuna mtu mzima hapa asiyelijua jina lake. Hata hivyo, wengi wanaoniulizia vitabu vyake ni wanafunzi waliopewa orodha na mwalimu, au wazazi wao waliotumwa wakiwa na kikaratasi mkononi. Mtu aliyelazimishwa kusoma kitabu kwa ajili ya mtihani hukiogopa maisha yake yote, na huviogopa pamoja nacho vitabu vingine visivyo na kosa lolote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya muuza vitabu katika mji kama wetu ni kumwondolea mteja ile hofu ya darasani, na hofu hiyo haiondoki kwa bango linalosema kwamba kusoma ni utajiri.

Ninachowaambia vijana hao kabla ya jambo lingine lolote ni kwamba wasikisifu kitabu ambacho hawajakimaliza. Mimi nililijua hilo kwa aibu. Mama mmoja alinijia akitaka hadithi ya kumpa binti yake wa darasa la sita wakati wa likizo, nami nikampa riwaya mpya yenye picha ya msichana na mnazi kwenye jalada, nikamhakikishia kwamba ni nzuri na ina mafunzo. Maneno hayo niliyatoa nyuma ya kitabu, yalikoandikwa na mchapishaji. Baada ya siku nne alirudi. Hakupaza sauti. Alikiweka kitabu juu ya kaunta, akakifungua pale alipokuwa ameweka karatasi ya biskuti kuwa alama, akanigeuzia ukurasa niusome mwenyewe, kisha akaniuliza kwa upole unaouma kuliko matusi: «Mdogo wangu, hiki umekisoma?» Nilimrudishia fedha zake, akazipokea, na ilimchukua karibu mwaka mzima kuingia tena dukani. Riwaya yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa ya watu wazima, basi.

Siku hizi nina rafu moja karibu na mlango ambayo haiingii kitabu mpaka nimekimaliza. Huwa na vitabu 12 au 15, wakati mwingine 9 tu, na kila kimoja kina kipande cha karatasi nilichoandika kwa mkono sentensi mbili au tatu: kinahusu nini, kinamfaa nani, na kinaweza kumchosha nani. Lile la tatu ndilo linalouza. Mteja akisoma kwamba kurasa 30 za mwanzo zinakwenda polepole, huamini na yale mengine niliyoyasifu.

Kuhusu maswali ya kumwuliza mteja, niliacha zamani kumwuliza mtu anapenda vitabu vya aina gani, kwa sababu asiyesoma hajui la kujibu na anayesoma hutaja kile anachodhani kitampa heshima. Namwuliza kitabu cha mwisho alichokimaliza ni kipi, na kama hakipo, namwuliza anasikiliza nini na anatazama nini. Bibi mmoja mpenzi wa taarabu, anayezijua beti za zamani kwa moyo na kuzikosoa za sasa, alitoka hapa na diwani ya Mohammed Ghassani iitwayo *N'na Kwetu*, kwa kuwa mtu wa aina yake hahitaji somo la vina na mizani. Anahitaji tu kuonyeshwa kwamba bado wapo wanaoandika mashairi. Vijana waliosikia habari za filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 walipokuja kuniuliza kama ninayo kwenye flashi, niliwapa riwaya ya Adam Shafi iliyoizaa, *Vuta N'kuvute*, iliyotoka mwaka 1999. Niliwaambia kwamba Yasmini na Denge wa kitabuni wana mambo ambayo filamu isingeweza kuyabeba yote. Wawili kati ya watano walinunua, na huo kwangu ni ushindi.

Msidanganyike na unene wa kitabu. Wapo wauzaji wanaompa msomaji mchanga *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi kwa kuwa ni kijitabu chembamba, jambo ambalo ni sawa na kumpa mtoto pilipili kwa kuwa ni ndogo. Nakipenda kitabu kile, nimekisoma mara tatu, na bado sithubutu kusema nimekielewa chote. Huyo msomaji mchanga atakiacha ukurasa wa tano na kuamini kwamba ujinga ni wake.

Vitabu vipya navipata wapi? Magazeti yetu hayaandiki tena uhakiki kama zamani, na wachapishaji hutuma orodha bila maelezo. Msaada mkubwa kwangu umekuwa tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell na ambayo ndiyo iliyomtuza Ghassani, pamoja na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hunipa kila mara majina ambayo nisingeyajua. Kushinda tuzo hakumaanishi kwamba kitabu kitapendwa Ngamiani, lakini angalau watu kadhaa makini wamekisoma mpaka mwisho, na hilo si haba.

Kitabu nilichokipendekeza kwa furaha kubwa kuliko vyote miaka hii ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wateja walikuja kumwulizia, na nilichokuwa nacho ni nakala mbili za Kiingereza zilizofifia kwa jua. Tafsiri ilipotoka kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022, niliagiza nyingi kuliko uwezo wangu. Nilikuwa na hakika kwamba hadithi ya Yusuf, mvulana anayechukuliwa kutoka kwao kulipia deni la baba yake na kupelekwa bara na msafara wa biashara enzi za Wajerumani, itasomeka hapa kama habari za jirani. Ilisomeka hivyo. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye kwa miaka alikuwa akiingia kununua gazeti tu, alikisoma kitabu hicho kurasa nzima akiwa amesimama pale rafuni kabla sijampa kiti.

Sasa nirudi kwenye mikutano ya waandishi, maana ndiko fedha na nguvu hupotea zaidi.

Mgeni rasmi mmwache. Najua mtaambiwa kwamba bila mkubwa watu hawaji, lakini waliokuja kwa ajili ya mkubwa huondoka na mkubwa. Badala yake tafuteni mtu mmoja aliyekisoma kitabu, mwalimu au hata mteja, akae na mwandishi mezani na kumwuliza maswali manne yasiyo na sifa ndani yake. Kisha mwandishi asome. Asome kweli, kwa sauti, dakika 10 hadi 15, na ukurasa mmeuchagua pamoja tangu siku ya kwanza. Waandishi wengi huchagua kurasa wanazozionea fahari, zenye maelezo ya machweo na falsafa, kumbe msikilizaji aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anashikwa na mazungumzo ya watu. Mwandishi mmoja mwanamke tuliyemkaribisha mwaka juzi alikubali ushauri huo shingo upande. Akasoma kurasa mbili za wake wenza wakigombea sufuria jikoni, bila ya yeyote kati yao kulitaja jina la mume. Nje ya mlango alikuwapo muuza kahawa wetu, ambaye kazi yake ni kugonga vikombe ili apate wateja. Katikati ya ukurasa wa kwanza vikombe vilinyamaza. Nilipotazama, alikuwa amelitua birika chini na kuegemea kizingiti, na alipomaliza yule mama kusoma, yeye ndiye aliyeuliza swali la kwanza: sufuria hatimaye ilichukuliwa na nani? Mwandishi alicheka, akamwambia anunue kitabu. Hakununua siku hiyo, ila aliweka oda na kulipa kidogo kidogo, kwa chenji ya kahawa.

Saa ya shughuli ni jambo la kupangwa kwa akili. Mchana jua ni kali na duka langu halina kiyoyozi. Alasiri hukatwa na Magharibi. Nimeona saa ya kufaa ni baada ya Isha, Ijumaa au Jumamosi, watu wakiwa wameoga na kula, na isizidi saa moja na nusu. Kwa kina mama wasiopenda kutoka usiku, tunafanya Jumapili asubuhi. Viti napanga 25, hata nikitarajia watu 40. Chumba chenye watu waliosimama kina uhai kuliko ukumbi wenye viti vitupu, na isitoshe viti vya kukodi vina gharama. Hakikisheni Luku, mita ya umeme, ina uniti za kutosha. Kwa hili sina hadithi ya kusimulia, nina kumbukumbu ya giza tu. Spika kubwa za harusini hazihitajiki katika chumba cha hatua nane.

Mauzo nayo yana adabu yake. Bei itajwe wazi mwanzoni na mwishoni, bila kuomba radhi, na meza ya vitabu iwe kati ya wasikilizaji na mlango. Muwe na chenji, muwe na namba ya kulipia kwa simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na mpate mtu mwingine wa kupokea fedha ili mwandishi ashughulike na kutia sahihi peke yake. Kijana wangu wa dukani siku hizi humwuliza kila mnunuzi jina na kuliandika kwenye kikaratasi kabla hajafika mezani. Tuliwahi kuharibu nakala tatu kwa kukosea herufi za majina, na nakala iliyoandikiwa Mwanahawa haiuziki kwa Mwanaisha.

Vitabu vya shughuli nachukua kwa mali kauli, yaani nalipa vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki. Wachapishaji na waandishi wanaojichapishia hukubali utaratibu huo mkiwa waaminifu, nao uaminifu wenyewe ni daftari: vimeingia vingapi, vimetoka vingapi, vimeharibika vingapi, sahihi ya pande zote mbili. Deni nalilipa ndani ya wiki, hata kama fedha hiyo naitamani kwa madaftari ya Januari. Mzigo uwe umefika siku tatu kabla. Nauli na malazi ya mwandishi msiyaahidi kama hamnayo. Wengi watakuja kwa nauli yao mkiwaambia ukweli mapema, hasa wa Muheza, Pangani na Korogwe, ambao hakuna anayewaalika.

Yule mzee wa reli alikimaliza *Peponi* kwa wiki mbili. Alipokuja kunieleza, alianza na nyuki badala ya Yusuf, wale waliowavamia askari katika mapigano ya Novemba 1914 baada ya Waingereza kushuka Ras Kazone hapa Tanga, habari ambayo aliipokea kwa babu yake na ambayo kitabu hicho hakiigusi. Kwake kilikuwa kimefungua tu mlango wa chumba cha kumbukumbu hizo. Akaniuliza kama ninacho kingine cha zama hizo, na mkono wangu ukanyooka wenyewe kwenye riwaya iliyokuwa imefika asubuhi, ingali na vumbi la boksi, yenye picha ya askari kwenye jalada. Nikaurudisha mkono. Nikamwomba mzee anipe mpaka Ijumaa nikisome kwanza.