Flashi ya GB 64 kugomewa na redio ya gari
Mkuu, kama flashi yako ya GB 64 inafunguka kwenye kompyuta ila redio ya gari inaigomea, kuna uwezekano mkubwa flashi ni nzima, tatizo ni fomati, yaani mfumo wa kupanga faili ndani ya flashi. Flashi nyingi za GB 64 hutoka kiwandani zikiwa na fomati ya exFAT, na redio nyingi za gari, hasa za zamani, zinasoma fomati ya zamani ya FAT32 tu. Kompyuta inasoma zote mbili, ndiyo maana inaifungua bila shida. Hamisha nyimbo kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu, halafu ifomati kwa FAT32. Dirisha la kufomati la Windows huwa halikupi chaguo hilo flashi ikizidi GB 32, kwa hiyo tumia programu ya kompyuta inayoitwa Rufus. Nafunga redio za magari, hii naikuta kila wiki. Ila kwenye FAT32 faili moja likifika GB 4 halitaingia. Kwa nyimbo hutaona tofauti.