Mfiraji, mlawiti na shoga: je, ni mtu mmoja?

SWALI: Tuna kikundi cha kujifunza Biblia hapa Kondele, Kisumu. Tulipofika 1 Wakorintho 6:9 tulikwama kwenye "wala wafiraji, wala walawiti". Mwalimu wetu alisema mfiraji ni anayetenda na mlawiti ni anayetendwa. Kijana mmoja akapinga kwamba yote ni yale yale, na kwamba siku hizi tungesema "mashoga" tu, yaishe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu atanisamehe, lakini sarufi haimuungi mkono. Mfiraji amejengwa kama mchezaji au msomaji: ni mtenda. Mlawiti naye ni mtenda, kutokana na kitenzi -lawiti. Mtendwa angekuwa mlawitiwa. Kwa hiyo aya hiyo, kwa Kiswahili chake, ina watenda wawili na haina mtendwa hata mmoja.

Nadhani najua alikolitoa wazo lake. Kwa Kigiriki Paulo aliandika malakoi, kisha arsenokoitai, na wafafanuzi wengi husema la kwanza ni mtendwa na la pili ni mtenda. Sasa fuata mpangilio: la kwanza ndilo lililopewa "wafiraji". Hata ufafanuzi huo, basi, unamgeuzia mwalimu mambo kichwa chini miguu juu.

Na hilo malakoi lenyewe lina upana wa ajabu. Maana yake ya kawaida ni "laini". Fungua Mathayo 11:8 katika Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili ya 1952 ambayo bila shaka ndiyo mnayoisoma: "mavazi mororo". Ni neno lile lile. Kwenye nguo ni mororo, kwenye watu ni wafiraji. Ndiyo maana wapo wanaosoma hapo mtu mlegevu, mpenda anasa asiyejizuia, na wapo wanaosoma mwanamume anayelaliwa. Arsenokoitai limeunganishwa kutoka kwa "mwanamume" na "kitanda". Wengi husikia ndani yake mwangwi wa Walawi 20:13 katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, na hao hulichukua kuwa linamhusu kila mwanamume anayelala na mwanamume. Wengine hulibana lihusu unyonyaji tu, kama wa bwana na mtumwa wake. Mabishano hayo ni ya wanateolojia na sitayaamua kwenye safu ya lugha.

Ninachoweza kuwaonyesha ni hiki. Nendeni 1 Timotheo 1:10. Kule limo arsenokoitai peke yake, na Union Version inasema "wafiraji". Neno la Kigiriki ni moja, ila Wakorintho limekuwa walawiti na Timotheo limekuwa wafiraji. Watafsiri wenyewe hawakuweka ukuta kati ya maneno haya mawili, sasa ninyi mnataka kujengea fundisho juu ya ukuta gani? Hapo kijana wenu ana hoja.

Kwenye "mashoga" ndipo anapoteleza. Mwambao, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Binti wa Kisumu akihamia Mombasa akaitwa "shoga yangu" na jirani, asikasirike, amependwa. Maana ya mwanamume anayependa wanaume ndiyo iliyotufikia huku bara, nayo inataja mtu alivyo, hata kama hajalala na yeyote. Mfiraji na mlawiti yanataja kitendo. Ukibadilisha, umeongeza jambo ambalo aya haikulisema.

Nalo -lawiti lina safari yake. Limetoka Kiarabu, kwenye jina la Nabii Lut, yule Lutu wa Mwanzo 19. Maskini! Yeye ndiye aliyesimama mlangoni kuwakinga wageni, na jina lake ndilo lililobebeshwa kosa la waliotaka kuuvunja mlango. Leo ukisikia redioni kwamba mtu "amemlawiti" fulani, aghalabu ni habari ya mtoto aliyedhulumiwa, na mtuhumiwa yuko kizimbani. Kwa sikio la sasa, neno lina nguvu na jinai ndani yake. Anayemwita jirani yake mlawiti kwa sababu tu ni shoga amemshtaki kwa kosa zito pasipo kujua.

Ushauri wangu: mnaposoma kwa sauti, msibadilishe andiko. Mnapofafanua, semeni waziwazi, "wanaume wanaolala na wanaume", ikiwa ndivyo mnavyolielewa. Walawi 18:22 yenyewe haikutafuta neno la fumbo, imesema tu "usilale na mwanamume". Kisha onyeni watoto wa shule ya Jumapili kuhusu lile neno "wafiraji". Kanisani ni andiko, lakini wakilitamka ndani ya matatu ya kwenda Kibuye watashushwa kabla ya kufika.