Georgia Scorcher: jinsi ya kusimama ili uifurahie

Dada mmoja wa Clarkston ameniandikia kwamba kijana wake ameshafikia kimo cha kuruhusiwa kupanda Georgia Scorcher, na hataki kupanda na mwingine ila mama yake. Anauliza mimi niliwezaje, maana yeye hata lifti ya ghorofani humtia kizunguzungu. Dada, asante kwa kuniuliza. Niliposema nataka kupanda, watu wengi walinijibu kwa maneno ya kuvunja moyo.

Kwa asiyeijua, ipo Six Flags Over Georgia, bustani ya michezo na burudani magharibi mwa Atlanta, kando ya barabara kuu ya I-20. Ni rolakosta, yaani treni ya burudani inayokimbia kwenye reli za kupanda, kushuka na kupinduka, ya chuma, iliyofunguliwa mwaka 1999, ina urefu wa takriban mita 33 kwenda juu na mwendo wake unafika kilomita 87 kwa saa. Abiria hakai. Mnasimama wanne wanne kwa safu, nyayo zimekanyaga sakafu ya behewa, katikati ya mapaja kuna kitako chembamba kama cha baiskeli, na mabegani unafungwa kwa vyuma vyenye sponji. Mnyororo unawapandisha, mnaporomoka, mnazunguka kitanzi kizima kichwa chini, na mbele zaidi treni inajipinda kama skrubu.

Miaka mingi nilipita pale nikitoka zamu ya usiku, macho mekundu, nikawa nasema moyoni iko siku. Siku moja kwenye nyama choma ya Wakenya wenzetu huku Marietta nikalisema kwa sauti. Mzee mmoja ninayemheshimu akaniuliza, mbele ya watoto wangu, mama mzima anakwenda kutafuta nini huko, tena na mwili huu. Wanawake wenzangu wakacheka. Sikujibu, kwa heshima ya mzee, lakini kile kicheko bado kinaniuma.

Nikaenda na binti yangu. Sasa hapa sikiliza vizuri, kwa sababu raha yote ya kifaa hiki inaamuliwa stesheni, kabla treni haijasogea. Ukishaingia, kile kitako kinapanda na kushuka pamoja na wewe kwenye nguzo yake. Wahudumu wakikifunga, kinabaki hapo hapo mpaka mrudi. Ukiwa umejinyoosha kwa vidole vya miguu, kitafungwa juu mno na utaumia safari nzima. Ukiwa umechuchumaa, utabaki umechuchumaa. Kanyaga kwa nyayo zote, mgongo uegemee, halafu legeza magoti kidogo tu. Binti yangu alikuwa ananihimiza, mama haraka, watu wanangoja. Nikamwambia wangoje. Nikajipanga mpaka nikaridhika, ndipo nikamwitikia mhudumu kwa kichwa.

Nilichokutana nacho kwenye kitanzi sikukitegemea. Nilidhani nitahisi kuanguka. Kinyume chake, treni ilipoingia chini ya kitanzi uzito wote ulinishukia kwenye nyayo, mapaja yakawa mazito kama nimebeba mtu mgongoni, na pale juu kabisa, dunia ikiwa imepinduka, bado nilihisi nimesimama. Rolakosta ya kukaa haikupi hilo, kwa sababu uzito unaishia kwenye kiti. Hapa miguu yako ndiyo inayobeba, na ndiyo maana nakukazania magoti: ukiyakaza, kila mshtuko wa reli unapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Yalegeze. Kichwa nacho kiegemeze nyuma tangu mwanzo, la sivyo vile vyuma vya mabegani vitakugonga masikio. Hereni vua nyumbani.

Nilishuka nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja. Tukarudi kwenye foleni.

Na hapa niwaambie wazazi wenzangu wa ughaibuni bila kuficha. Tumekuja huku, tunashika kazi mbili, tunatuma fedha nyumbani, tunalipa bili, na watoto wetu wanapelekwa kwenye raha na wazazi wa wenzao. Kisha tunalalamika kwamba hawatuambii mambo yao. Kijana wa miaka kumi na tatu anayesema “mama, nataka twende mimi na wewe” amekupa nafasi ambayo haitarudi mwaka ujao. Ichukue! Mwombe msimamizi wako siku moja ya mapumziko, mwache atakayecheka acheke.

Tena hizi za kusimama zinazidi kupungua. Mantis ya bustani ya Cedar Point kule Ohio, iliyojengwa 1996, iligeuzwa kuwa ya kukaa mwaka 2015. Vortex ya bustani ya California's Great America ikafuata 2017. Ni kweli Orlando walifungua Pipeline mwaka 2023, ambayo unasimama kama mtu aliye juu ya ubao wa mawimbi na kiti kinapanda na kushuka mkiwa njiani, lakini hiyo ni aina nyingine kabisa. Yetu ya Georgia ni ya mtindo ule wa zamani, na mimi sitaki uchelewe.

Kwa hiyo, dada yangu, mpime kijana kabla hujanunua tiketi: kimo cha chini ni sentimita 137, na wahudumu hawabembelezeki. Nendeni siku ya katikati ya wiki, milango ikifunguliwa, jua likiwa bado halijawa kali, na usile kitu kizito asubuhi. Woga ukikushika hata ukiwa umeshafika stesheni, pita ndani ya behewa utokee upande wa pili, hakuna atakayekukamata. Ila ukishaamua kubaki, legeza magoti.