Jibu kwa mama wa Nyakato: binti mwenye baridi yabisi anayeficha vidonge

Shikamoo mama. Umesema binti yako wa kidato cha pili ameambiwa ana baridi yabisi ya watoto. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati la shule, jioni unamkuta anaruka kamba, walimu wanasema anadeka, na juzi umeokota vidonge chini ya godoro lake. Mimi ugonjwa huu ulinianza nikiwa darasa la sita, tukiishi Igogo, Mwanza, kule juu kwenye mawe, na sasa ni mtu mzima nina kazi yangu. Nitajibu kwa urefu, wakuu mnivumilie.

Hilo la asubuhi na jioni ndilo linalotuumiza kuliko maumivu yenyewe. Viungo hivi hukaza mwili ukitulia, kwa hiyo baada ya kulala usiku kucha goti linaamka kama bawaba yenye kutu, na kadiri unavyotembea ndivyo linavyolegea. Alfajiri nilikuwa nashuka zile ngazi za mawe kwa makalio, alasiri nakimbizana na wenzangu. Jirani akiyaona yote mawili siku moja, basi, huyu mtoto muigizaji. Binti wa miaka kumi na minne akishaona haaminiki, atajilazimisha mpaka goti lijae maji, au atajifungia chumbani. Kwa hiyo nyumbani kwako neno "anadeka" lipigwe marufuku leo, hata kwa bibi yake.

Mpe pia maneno ya kuwajibu watu, maana mtaulizwa, yeye na wewe. Kinga ya mwili wake inashambulia viungo vyake yenyewe. Baridi yabisi haikuletwa na upepo wa ziwa wala kuoga maji ya baridi, haiambukizi, na si gauti, kwa hiyo msimnyime nyama. Wengine watasema ni sikoseli, na huku Kanda ya Ziwa ipo nyingi, daktari hufanya vizuri kuipima kwanza. Lakini kile kipimo cha damu cha baridi yabisi kikisoma hasi msifurahi mapema, kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu husoma hasi. Kinachotazamwa ni uvimbe uliodumu wiki 6 au zaidi kwa mtoto aliyeanza kuugua kabla ya miaka 16, magonjwa mengine yakishaondolewa.

Sasa vidonge. Hukutaja jina. Kama ni methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga, ile ya mara moja kwa WIKI (narudia, kwa wiki, kuinywa kila siku ni hatari kubwa), naelewa kwa nini anaificha. Inatia kichefuchefu, nami ilifika mahali nikiona tu rangi ya kile kidonge mate yananijaa. Tulihamishia siku ya dawa Ijumaa usiku baada ya kula, kichefuchefu kikaangukia Jumamosi badala ya darasani, na daktari akaniandikia foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo. Tena inachukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla haijaonyesha kazi, na kijana asipoambiwa hivyo anaona anateswa bure. Kama ni prednisolone, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, huenda anachokimbia ni sura kuvimba. Usimcheke, ila ajue kwamba dawa hiyo haikatwi ghafla, hupunguzwa taratibu na daktari. Na zile dawa za viungo zinazouzwa stendi kwenye chupa zisizo na lebo, achana nazo kabisa.

Ningekuwa wewe nisingempekua tena. Ningemkabidhi dawa zake na kalenda, atie alama mwenyewe, nami niulize mara moja kwa wiki. Kliniki mwache aongee yeye kwanza, kisha utoke nje dakika chache. Najua mama hapendi kusikia hili, lakini methotreksati huharibu mimba na haipatani na pombe, na binti anatakiwa kuyasikia hayo kwa daktari bila wewe kumkodolea macho.

Shuleni nenda na barua ya daktari, usiende na maelezo ya mdomo. Iseme wazi: asiende mchakamchaka siku ambazo viungo vimevimba, asipigishwe magoti, asibebe ndoo, aruhusiwe kusimama na kujinyoosha katikati ya kipindi. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani ambao hakuna anayeutaja, omba apangiwe chenye kitu cha kushikilia. Kalamu izungushie mpira wa tairi la baiskeli iwe nene, vidole vitachoka kidogo. Mambo ya mitihani ya taifa mwambie mkuu wa shule mapema, msingoje wiki ya mtihani.

Asubuhi mwamshe kabla ya wengine, aoge maji ya moto, aloweke mikono kwenye beseni huku akikunja na kukunjua vidole. Mazoezi asiache, kiungo kisichotumika hukakamaa na misuli hunywea. Hiyo kamba aendelee nayo siku njema, siku za uvimbe apumzike. Utaambiwa kuogelea kunafaa, na ni kweli, ila ziwa letu lina kichocho, mtafutie bwawa au aendeshe baiskeli sehemu za tambarare.

La mwisho ni macho, maana hukuyagusa. Ugonjwa huu unaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, na mtoto akija kulalamika kwamba haoni vizuri, madhara yameshatokea. Hupimwa kwa taa maalumu kliniki ya macho, na hurudiwa kila baada ya miezi michache kadiri daktari atakavyopanga, hata kama magoti yametulia. Ukienda Bugando au hospitali yoyote mnayotibiwa, usiondoke bila tarehe hiyo kwenye kadi.